Hodi kwenye Mtungi

1

Atuganile Mwaisaka alidhani mtungi umeshakufa, ndiyo maana akabisha hodi.

Halikuwa jambo geni. Mitungi ilikuwa ikifa tangu mradi uanze, asubuhi ikifa, mchana ikifa, tena ikifa haraka kuliko mtu anavyopiga chafya. Mashine ya kura ilitupa namba zake bila kushauriana na yeyote: uzito wa elektroni, ukali wa uvutano, nguvu inayoshikilia kiini cha atomu, kasi ya anga kutanuka. Kisha ilizisukuma namba hizo ndani ya mtungi wa chuma mkubwa kama pipa la maji, ambamo kipande cha utupu kidogo kuliko chembe ya chumvi kilining'inia katikati ya sumaku. Kioo kilichokuwa ubavuni mwa mtungi kiliwaka weupe. Halafu giza. Uvutano ukizidi kiduchu, kila kilichozaliwa kilijikunja kikarudi kuwa si kitu. Ukipungua kiduchu, kilitawanyika kama unga mbele ya upepo. Ulimwengu mzima ulizaliwa, ukazeeka, ukazikwa, na chai ya Atuganile bado inafuka.

Kanuni za mradi zilimtaka mwendeshaji, kabla ya kufungua kifuniko, apige mdundo mmoja wa umeme kwenye ukuta wa mtungi na asikilize mwangwi, ahakikishe ndani hamna kitu. Mdundo mmoja tu. Lakini Hamdani Makame, mtoto wa Makunduchi, alipopanda kwenye uwanda wa Kitulo kuanza kazi alisema mbele ya watu kwamba yeye hakulelewa kugonga mara moja na kuingia kama mgambo. Unabisha mara tatu, unapumzika katikati, na mdomo unasema hodi. Watu wakacheka. Kisha wakaiga. Baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba ulianza kama mzaha. Ndiyo ikawa namna ya kufanya kazi pale, na aliyefungua mtungi kimya kimya aliulizwa kama kwao hakuna milango.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda wote, umefunika yale maua yanayowafanya wenyeji wapaite mahali hapo Bustani ya Mungu.

"Dada Atu," Hamdani aliita kutoka kwenye meza ya chai, "nikukorogee, au leo unakunywa kama dawa?"

Atuganile akageuka. "Koroga. Na usinipunje maziwa, ng'ombe wa hapa hawajagoma."

"Mnyakyusa na maziwa! Ungezaliwa ndama, mama yako angehama zizi."

Akapokea kikombe, akarudi kwenye mtungi. Kioo kilikuwa cheusi.

"Huyu naye kaenda," akasema. "Hata hakuaga." Akaweka kidole kwenye kitufe cha mdundo. "Hodi." Akabonyeza, akavuta pumzi. "Hodi." Akabonyeza, akavuta pumzi. "Hodi."

Na chini ya kidole chake kioo kikawaka.

Mwako ulikuwa umechelewa. Haikuwa imewahi kutokea. Mtungi haukuwa umekufa. Ulikuwa haujaanza, na yeye alikuwa amesimama mlangoni pa kitu ambacho hakijawa bado, akikibishia.

Alingoja giza. Giza halikuja. Weupe ukageuka manjano, manjano ikawa nyekundu ya kaa la moto, nyekundu ikafifia taratibu kama jiko la usiku. Kisha, kwenye ukingo wa kioo, ikatokea nukta. Nukta moja ya mwanga, ndogo hata akadhani ni vumbi, akaifuta kwa mkono wa sweta. Haikufutika. Ikatokea nyingine. Ikatokea kundi. Nukta zikajipanga kama shanga kwenye nyuzi, nyuzi zikafumana, na kioo chote kikajaa wavu wa nuru uliokuwa ukizunguka polepole.

"Hamdani," akaita, na sauti yake ikamtoka ndogo. "Zima taa za chumba."

Hamdani akazizima. Wakasimama pale bega kwa bega, nyuso zao zimemulikwa na nyota za mtu mwingine.

"Zile ni nyota?" Hamdani akauliza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na shahada ya nyota.

"Nyota."

"Subhanallah." Akakaa chini, sakafuni, kikombe mkononi, chai yote ikimwagikia suruali asijue.

2

Profesa Aneth Kokushubila alipoingia, Atuganile alimwamkia, "Shikamoo, Profesa," na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakupata marahaba. Mkuu wa mradi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Yeye ndiye aliyeuota Mradi wa Nasibu. Swali lake lilikuwa la kale, lakini alilishika kwa mikono ya fundi. Namba zinazoendesha ulimwengu wetu zimekaa mahali pembamba kuliko makali ya wembe. Zisogeze upande huu au ule, na hakuna nyota, hakuna maji, hakuna mtu wa kuuliza. Wapo wanaosema: basi kuna aliyeziweka. Wapo wanaosema: kura ikichezwa mara nyingi vya kutosha, lazima moja ishinde, na walioshinda ndio pekee wanaobaki kushangaa. Profesa alisema, tusibishane. Tucheze kura. Tusiguse chochote. Tuone kama nasibu peke yake inatosha.

Sasa ilikuwa imetosha, na dunia ikawaka moto. Makanisa yalifunga na kuomba. Misikiti ilijaa siku zisizo Ijumaa. Kampuni za kubeti zilipokea dau juu ya uwepo wa Mungu, na wakubwa wakakemea huku vijana wao wakicheza. Ikatangazwa kwamba mtungi utafunguliwa mbele ya mashahidi, kwa kuwa picha haitoshi. Watu wangesema ni mchezo wa kompyuta. Vyombo vingechota kilichomo ndani na kukipima: hizi hapa atomu, hili hapa jua.

Kufunguliwa kungeuua. Hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, katika aya ya mwisho ya tangazo.

Na kila saa kioo kilizidi kutisha kwa uzuri. Nyota za kwanza zilikufa zikimwaga majivu, majivu yakazaa nyota nyingine, na siku moja Hamdani, akipima rangi za mwanga, aliondoa vifaa vya masikioni akasema, "Mna maji humo." Wote walijua maji maana yake nini.

Atuganile alimpigia simu baba yake, mchungaji huko Tukuyu.

"Baba, wakithibitisha ni nasibu, Jumapili utahubiri nini?"

"Nitahubiri yale yale, mwanangu. Labda kwa sauti ya chini kidogo." Mzee akakohoa kicheko. "Wewe umekiona hicho kitu kwa macho yako. Kikoje?"

Atuganile alitafuta neno. Alikuwa mtu wa maneno. Shuleni waliwahi kumtuma akashindane kwa niaba ya wilaya nzima.

"Kinafanya mtu atake kuvua viatu, baba," akasema mwisho.

3

Asubuhi ya siku ya kufungua mtungi, Atuganile aliitazama picha ya mwanga wa kwanza kabisa wa mtungi, ule wa kabla ya nyota. Kila mtu aliitazama picha ile kwa ajili ya rangi zake. Yeye aliitazama kwa sababu kulikuwa na kitu ndani yake alichokifahamu asijue kwa nini, kama mtu anavyosikia kikohozi kwenye umati akajua ni cha shangazi yake.

Mwanga ule ulikuwa na mikunjo. Mkunjo, kisha nafasi. Mkunjo, kisha nafasi iliyo fupi kidogo. Mkunjo.

Akaweka kidole mezani, akabonyeza. Akavuta pumzi. Akabonyeza. Akavuta pumzi, fupi kidogo, kama anavyofanya siku zote anapokuwa na haraka ya chai. Akabonyeza.

Ilikuwa hodi yake mwenyewe.

Alikwenda kwenye mtungi mtupu uliokuwa jirani, akaipa mashine namba zile zile, hakuna iliyosogezwa, akaketi juu ya mikono yake ili isimponyoke. Kioo kikawaka weupe. Manjano. Nyekundu. Kisha ukungu. Ukungu laini, sawa kila mahali, usio na donge wala ufa. Ukapoa. Ukazidi kupoa. Hakikutokea kitu, na kitu kikaendelea kutotokea, hadi kioo kikawa na rangi ya bati.

Hamdani alimkuta hapo.

"Namba zile zile?" akauliza baada ya kuelezwa.

"Zile zile."

"Na hukubisha."

"Sikubisha."

Hamdani akakuna kidevu. Hakuwa na mzaha usoni. "Bila shaka. Vumbi likiwa sawa kila mahali halina pa kuanzia kujikusanya. Mitungi yetu ni laini mno, Atu. Lazima kuwe na kikwazo, kilima kidogo, mahali ambapo kitu kitasema: tukutane hapa. Wewe uliwapa vilima vitatu."

"Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Mimi niliwafundisha adabu! Sikuwafundisha kuumba!" Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Profesa anajua?"

"Nakwenda kumwambia."

"Nje wanapanga viti, dada. Kuna mawaziri wanatoka Dodoma. Kuna askofu na kadhi wamepanda gari moja, sijui wanazungumza nini humo ndani."

"Wataapa kwamba hakuna mkono uliogusa," Atuganile akasema. "Na mimi ndiye nitakayetia sahihi kwanza. Halafu wataupasua."

4

Profesa Kokushubila alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza kuelezwa, aliutazama ukungu wa rangi ya bati, kisha akautazama ule wavu wa nuru kwenye kioo cha mtungi wa kwanza.

"Mtungi mmoja kufa si ushahidi," akasema. "Sumaku inaweza kuwa iliyumba. Unanipa hadithi, Atuganile. Nikatoke nje niwaambie watu wa nusu ya dunia, samahani, fundi wangu anadhani alibisha hodi?"

"Tunaweza kujaribu tena. Namba zile zile, na hodi."

"Basi jaribu."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mtungi wa tatu ulikuwa tayari. Atuganile akaenda, akaingiza namba, akanyoosha mkono kwenye kitufe, na mkono ukasimama hewani.

"Nini?" Profesa akauliza.

"Ule wa kwanza sikujua."

"Ndiyo."

"Huu nitajua."

Ukasikika mlio wa sumaku tu. Hamdani, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuwa akiogopa neno hilo lisije likasemwa.

"Humo mtakuwa na maji," Atuganile akasema. "Mtakuwa na watu, au kitu kinachofanana na watu. Watauguliwa na watoto, Profesa. Watakesha nao. Watamwita mtu, na anayeitwa ni mimi, na sitaweza kumshika hata mmoja mkono, kwa sababu hadi niseme pole, yeye na wajukuu wa wajukuu wake wameshakuwa vumbi. Nitawaleta wote kwa sababu nahitaji ushahidi?"

"Usipowaleta, saa kumi naufungua ule mwingine." Profesa hakusema kwa ukali. Alivuta kiti, akaketi, na ghafla alionekana mwanamke aliyechoka. "Nilikuwa na mdogo wangu, huko kwetu Kamachumu. Alikufa ana miaka minne. Wakaja watu wamejifunga kanga viunoni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaniambia, Mungu amempenda zaidi. Nikajiuliza, nani hasa? Nani kapenda? Nimejenga yote haya, chuma chote hiki, nijue kama yuko mtu aliyependa, au hakuna. Sijali jibu ni lipi. Nataka lisiwe la uongo."

Atuganile akaushusha mkono.

"Kwa ule wa kwanza jibu nakupa sasa hivi," akasema. "Mimi sikupenda wala sikukataa. Nilikuwa nimegeuka kuchukua chai."

Profesa akafumba macho.

Kitufe kilikuwa kidogo, kimechakaa katikati kwa vidole vya watu wengi. Atuganile aliwaza kwamba angeweza kutobonyeza, na hapo angekuwa ameua wale waliokwisha kuwapo kwa kuogopa kuwapa nafasi wasiokuwapo bado. Aliwaza kuhusu watoto wagonjwa. Aliwaza pia kuhusu maua yaliyoko nje, ya buluu, ambayo hayana faida kwa mtu yeyote na kila mwaka yanarudi. Akajiuliza, kama yeye angeulizwa kabla, angesema nini? Na jibu likamjia lote kwa pamoja, si kwa hoja, bali jinsi harufu ya nyumbani inavyokujia kabla hujafika: angesema ndiyo. Pamoja na yote. Angesema ndiyo mara mia.

Akawasha mtungi. Akaweka kidole.

"Hodi," akasema, na safari hii alisema kama anamaanisha kuna mtu. Akabonyeza. Akavuta pumzi, akaipa pumzi ile muda wake wote.

"Hodi."

"Hodi."

Weupe. Manjano. Nyekundu ya kaa. Ukafifia, na moyo wa Atuganile ukafifia nao, kwa kuwa sasa aliutaka, aliutaka kwa uchungu ambao hakuutarajia. Kisha, karibu katikati ya kioo, nukta.

Hamdani akapiga goti. Profesa alinyanyuka kitini bila kujua amenyanyuka. Nukta zikawa nyuzi, nyuzi zikawa wavu, na mitungi miwili ikasimama ubavu kwa ubavu katika chumba kile cha bati juu ya milima ya Makete, kila mmoja umebeba anga lake lote.

"Inafanana," Profesa akanong'ona.

"Namba zile zile. Hodi ile ile."

"Mmoja ulitokea kwa bahati mbaya."

"Na huu nimeupenda," Atuganile akasema, akafuta machozi kwa kiganja.

Profesa alisogeza uso kutoka kioo hadi kioo, akirudia rudia, kama mama anayetafuta alama ya kutofautisha mapacha. Hakukuwa na alama. "Walio ndani," akasema, "wakija kuwa na akili, wakaupima mwanga wao wa kwanza, wakaiona mikunjo, watasema nini?"

"Watasema ni joto na msukumo wa vumbi. Watafanya hesabu."

"Na hesabu yao itakuwa sahihi."

"Itakuwa sahihi kabisa. Pande zote mbili, hadi namba ya mwisho."

"Na bado ulibisha."

"Na bado nilibisha."

Profesa Kokushubila akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeangukiwa na kitu kizito kisha akajikuta mzima. Alichukua kalamu yenye wino mwekundu, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye mtungi wa kwanza, na kingine kama hicho kwenye wa tatu: USIFUNGULIWE. Chini yake akatia sahihi. Na kwa sahihi hiyo alijua, nao walijua, kwamba mradi wake umekwisha, kwa sababu hakuna jiko lingine la kupikia malimwengu, na haya mawili yatahitaji kulindwa zamu kwa zamu muda ambao yeye hatakuwapo kuuona ukiisha.

"Watakuuliza jibu," Hamdani akasema.

"Nitawaambia tulitaka kuona kama nasibu inatosha bila mkono, tukashindwa kuutoa mkono wetu. Nitawaambia sijui." Akajitengeneza mtandio. "Nimekaa miaka mingi nikiliogopa neno hilo. Kumbe lina nafasi, mtu anaweza kuenea ndani yake." Akafika mlangoni, akageuka. "Marahaba, Atuganile."

5

Ukungu ulikuwa umeondoka. Atuganile alitoka kwa mlango wa nyuma kuepuka viti na kamera, akatembea hadi nyasi zilipomfika magotini na maua yakaanza. Jua la alasiri lilikuwa kali na baridi kwa pamoja, kama linavyokuwa kule juu. Nyuma yake, mbali, sauti ya Profesa ilisikika kwenye vipaza sauti, kisha mtu mmoja akapiga makofi, labda askofu, labda kadhi.

Alifikiria kuhusu mwanga wa kwanza wa ulimwengu wake mwenyewe. Nao una mikunjo. Kila mwanafunzi wa kidato cha sita ameiona kwenye vitabu: ni joto na msukumo, imekwisha kufanyiwa hesabu, na hesabu ni sahihi. Hakuna kilichobadilika katika hesabu ile tangu asubuhi. Aliirudia kichwani na bado ilikuwa sahihi.

Lakini anga la buluu lililokuwa juu yake halikuwa tena dari. Lilikuwa mlango.

Akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu. Alijisikia mjinga, akajisikia mtoto. Akasafisha koo.

"Karibu," akasema.

Upepo ulipita juu ya maua, ukayalaza, ukayainua. Hatua zikasikika kwenye nyasi nyuma yake.

"Unamkaribisha nani?" Hamdani akauliza.

"Sijui kama yupo." Hakugeuka. "Lakini kama kuna aliyebisha, Hamdani, ni zamani sana. Na sisi tumekaa ndani tunapiga hesabu ya mlio wa mlango."

Alitarajia utani, kuhusu maziwa, kuhusu Wanyakyusa, kuhusu chochote. Hamdani alisimama kando yake, akavua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua jinsi anavyosimama mtu mbele ya mgeni aliyengojeshwa. Akainua uso.

"Karibu ndani," akasema, kwa sauti ya mwenye nyumba. "Utusamehe. Hatukusikia."